Umbo lenye ufa halina ujazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowaambia wasomaji kwamba siku hizi mtu akishapiga skani kitu chake na kukifungua katika programu ya CAD, yaani ya kuchora kwa kompyuta, ujazo wake anaupata kwa kubofya mara moja. Nimeisoma mara mbili. Skana imeelezwa vizuri na picha zinavutia. Ila kati ya skani na namba ya ujazo mwandishi ameruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka 17 sasa: kulifunga umbo.

Mimi ni mchoraji wa vipande vya mitambo. Naletewa nyuso, yaani magamba yasiyo na unene hata kidogo, yaliyotoka kwenye skana au kwenye mchoro wa mtu mwingine, nami natakiwa nirudishe umbo mango, lile ambalo wenzangu wengi kazini wanaliita solidi: kitu chenye ndani na nje, kinachopimika ujazo, uzito na kitovu cha uzito. Kwenye kioo cha kompyuta vitu hivi viwili vinafanana kabisa. Vina rangi ile ile na kivuli kile kile, na vyote unavizungusha kwa kipanya vikageuka mbele yako kama vile vipo mezani. Ndiyo maana namhofia msomaji aliyemaliza makala yenu akaenda moja kwa moja kwenye amri ya ujazo. Mimi nilishafanya hivyo, na aliyeumia alikuwa mtu mwingine.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Kiwanda kimoja cha kusubu kiliomba uzito wa kasha la pampu ili wajue wayeyushe chuma kiasi gani. Nyuso nilikuwa nazo, laini, nimezichora mwenyewe kwa siku nne. Nikazigeuza kuwa wavu wa pembetatu, yaani pembetatu nyingi ndogo zilizoungana kufuata umbo, nikaiuliza programu ujazo, ikajibu lita 9.4. Chuma cha kijivu cha kusubu nakihesabu kilo 7.2 kwa lita, hivyo nikaandika kilo 67.7 na kutuma. Wao wakaongeza chuma cha kujaza mifereji ya kalibu, nacho wakakikadiria kwa asilimia ya namba yangu, wakayeyusha, wakamimina. Chuma kikaisha kalibu haijajaa. Kiligandia chini ya flanji, ule mdomo mpana wa kuungia, na kipande chote kikawa cha kuvunjwa na kurudishwa tanurini, pamoja na kazi ya watu ya wiki nzima ya kuandaa kalibu.

Kasha lile kwa kweli lilikuwa la lita 11.6, yaani kilo 83.5. Nilikosea kwa karibu kilo 16. Nilipopigiwa simu nilikaa na mchoro hadi usiku nikitafuta kosa la kipimo: kipenyo, unene wa ukuta, pembe ya mdomo wa kutolea maji. Kila kipimo kilikuwa sahihi. Mwishoni, bila sababu ya maana, nikalitoa kasha mahali pake ndani ya mchoro wa jengo zima la pampu, mita 55 kutoka nukta sifuri, pale vipimo vyote vya mchoro vinapoanzia kuhesabiwa, nikaliweka karibu kabisa na sifuri ili nilione peke yake. Nikauliza ujazo tena. Lita 11.6. Nikalipeleka mita 110. Lita 7.2. Kasha ni lile lile, sijagusa hata mstari mmoja. Mwili ulinisisimka.

Kosa lilikuwa ufa. Pembeni mwa flanji, pale nusu mbili za kasha zinapokutana, nyuso mbili ziliachana kwa milimita 0.3 katika urefu wa milimita 400. Huuoni ufa kama huo mpaka uukuze mchoro mara nyingi sana. Eneo lake lote ni milimita za mraba 120, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Na uwazi huo ulimeza lita 2.2 za chuma.

Naomba univumilie nieleze ulivyomeza, maana hapa ndipo makala yenu ilipopita haraka. Programu inapokokotoa ujazo wa wavu haimimini maji ndani yake ikapima. Inachukua kila pembetatu na kuiunganisha na nukta sifuri, ikapata piramidi nyembamba ambayo kitako chake ni ile pembetatu na ncha yake iko sifuri. Kama upande wa nje wa pembetatu unatazama mbali na sifuri, piramidi hiyo inajumlishwa. Kama upande wa nje unaielekea sifuri, inatolewa. Umbo likiwa limefungwa, nafasi yote iliyo kati ya sifuri na umbo hujumlishwa na kutolewa kwa kiasi kile kile, na kinachobaki ni ujazo wa ndani peke yake, popote umbo lilipo. Ni hesabu nzuri sana, na hadi leo naipenda. Lakini sharti lake ni moja: isikosekane pembetatu hata moja. Pembetatu ikikosekana, piramidi yake nayo imekosekana, na piramidi hiyo ni ndefu kadiri umbo lilivyo mbali na sifuri. Ufa wangu ulikuwa kitako cha piramidi yenye urefu wa mita 55. Milimita za mraba 120 mara mita 55, gawanya kwa tatu: lita 2.2 kamili.

Asiyeamini achukue mchemraba wa mita 1, kona moja kwenye sifuri, auondoe uso wa juu. Ujazo utakaosomwa kwa hesabu hii ni mita za ujazo 0.667. Aunyanyue mchemraba huo huo mita 10 juu. Sasa ni −2.667, namba hasi, kana kwamba kitu kinaweza kuwa na ujazo chini ya kutokuwepo. Aurudishe chini, aweke kifuniko na badala yake aondoe kitako. Jibu ni 1 kamili. Jibu sahihi! Hili ndilo linalonitisha kuliko zile namba za ajabu, kwa sababu kitako kile kilikuwa kwenye usawa wa sifuri na mchango wake ulikuwa sifuri tangu mwanzo, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakukuonekana. Mtu atatoka hapo anajisifu. Auinue mita 10, naye atasomewa 4.333.

Tangu usiku ule sitoi ujazo wa wavu wowote kabla ya kuupima, kuuhamisha mbali kwa namna mbili tatu, na kuupima tena. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja.

Si programu zote zinazokuacha utumbukie. Ndani ya AutoCAD, amri ya MASSPROP hukubali solidi na maeneo bapa yaliyofungwa tu. Ukiipa nyuso inakwambia hukuchagua kitu kinachofaa. Wanafunzi hukasirishwa na jibu hilo. Mimi naliheshimu, kwa sababu amri hiyo inakataa kupima kisichopimika. Hatari iko kwenye vifaa vya kushughulikia wavu, ambapo baadhi hutoa onyo dogo na vingine hukaa kimya na kukupa namba yenye desimali sita.

Sasa, umbo lililofungwa ni lipi hasa? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ian Braid akiwa Cambridge na Bruce Baumgart akiwa Stanford, kila mmoja kivyake, walishughulikia namna ya kuliweka umbo ndani ya kompyuta kwa kuhifadhi mipaka yake: nyuso, kingo na vipeo (zile kona), pamoja na kumbukumbu ya nani amepakana na nani. Hilo la kupakana ndilo kiini. Katika umbo mango la kawaida kila ukingo unashirikiwa na nyuso mbili, wala si moja wala tatu. Ukingo wenye uso mmoja tu mimi nauita ukingo mpweke, na kazi yote ya kufunga umbo, ukiniuliza, ni kuzitafutia kingo pweke wenza wao. Programu ya Rhino ina amri ya kuzionyesha kwa rangi. Programu nyingine kubwa zina namna zao. Mara ya kwanza nilipoliwashia kasha langu la pampu rangi hiyo, ufa uling'aa kama waya uliopata moto. Ulikuwa pale siku zote.

Kuna kipimo kimoja ambacho sijaona kikifundishwa na ningependa wasomaji wenu wakijue, kwa kuwa hakihitaji programu yoyote. Pembetatu moja ina kingo tatu. Katika wavu uliofungwa kila ukingo ni wa pembetatu mbili. Kwa hiyo pembetatu mara tatu ni sawa na kingo mara mbili, na hilo haliwezekani isipokuwa idadi ya pembetatu ni shufwa. Wavu wenye idadi witiri ya pembetatu haujafungwa, basi, hakuna mjadala. Na idadi hiyo unaweza kuijua hata kabla ya kufungua faili. Faili la STL la kibainari, muundo uliotoka na mashine za uchapaji wa 3D mwaka 1987, lina baiti 84 za mwanzo, kisha baiti 50 kwa kila pembetatu. Juzi nililetewa faili la baiti 620,434. Toa 84, gawanya kwa 50, unapata 12,407. Ni witiri. Nikamwandikia aliyelituma kwamba umbo lake lina tundu, naye akauliza nimelionaje ilhali hajanipa nywila ya mradi. Shufwa, kwa upande wake, haithibitishi kitu. Tundu za pembetatu mbili mbili zipo tele. Ila witiri inahukumu papo hapo.

Wengine hutegemea kanuni ya mwanahisabati Euler, iliyochapishwa mwaka 1758: vipeo toa kingo jumlisha nyuso ni 2. Mchemraba, 8 toa 12 jumlisha 6. Ni kanuni tukufu lakini iwekwe mikononi mwa anayeijua. Chukua fremu ya mraba, ubao mnene wenye dirisha katikati lililotoboka upande hadi upande. Vipeo 16, kingo 24, nyuso 10. Jibu ni 2 vilevile, ingawa umbo limetobolewa, kwa sababu nyuso zake mbili zina pete ndani na pete hizo zinatakiwa kuhesabiwa kivyake. Mwanagenzi wangu mmoja alikwama hapo siku mbili na nilifurahi alivyokwama, maana alipotoka alikuwa ameelewa uso ni nini.

Nije kwenye ufungaji wenyewe. Wengi wakiona ufa wanakimbilia kuongeza toleransi, yaani ule mwachano ambao programu inakubali kuuona kama si kitu. Ufa ni milimita 0.3? Weka toleransi milimita 0.5, unganisha, ujumbe unatokea kwamba umbo limefungwa. Naupinga mtindo huu kwa nguvu zangu zote. Kingo zile bado zimeachana. Kilichobadilika ni kwamba programu imeambiwa isiangalie. Ukija kuviringisha kona, au kuutoboa ukuta, au kulipeleka umbo kwenye programu nyingine yenye toleransi yake, mshono unaachia. Mbaya zaidi, toleransi kubwa haichagui ufa wako pekee: inameza na vitu vidogo vya halali, ngazi ya milimita 0.4 ya kukalia oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, kwa mfano, ambayo mtu aliichora kwa makusudi.

Nguo iliyokatwa fupi haiponi kwa kuvutwa sindano. Inatakiwa kitambaa. Ninachofanya ni kuzirefusha nyuso zote mbili zipitane, zivuke kabisa pale zinapotakiwa kukutana, kisha nazikata moja kwa nyingine. Mstari wa makutano unakuwa mmoja, mali ya nyuso zote mbili, na mshono unakuwa wa kweli. Ndipo naunganisha kwa toleransi ile ile niliyoanza nayo. Ikiwa nyuso haziwezi kurefushwa, labda kwa sababu zimepinda vibaya ukingoni, naifuta sehemu mbovu na kujenga uso mpya kutoka kwenye kingo nne zinazoizunguka. Kuziba tundu bapa ni rahisi, kifuniko kimoja kinatosha. Tundu lililopinda ndilo linalokula mchana.

AutoCAD ina amri ya SURFSCULPT inayochukua kundi la nyuso zinazozunguka nafasi, ikakata mabaki yaliyojitokeza nje na kutoa solidi. Naipenda kwa sababu inaruhusu mtindo huo wa kupitanisha: unachora nyuso ndefu kuliko zinavyotakiwa, nayo inachonga. Lakini haifanyi miujiza. Nafasi isipozungukwa kabisa, pasipo penyo hata moja, haitoi kitu. SolidWorks katika kushona nyuso ina kisanduku cha kuomba solidi, na pembeni yake orodha ya mianya iliyobaki pamoja na upana wa kila mmoja. Isomeni orodha hiyo, ndugu zangu. Msiweke alama kwenye kila mwanya ili uzibwe. Mwanya wa milimita 0.002 ni mabaki ya hesabu. Mwanya wa milimita 0.8 ni kosa la mtu, na unataka kuulizwa ulikotoka.

Umbo likishafungwa kuna mambo matatu nayatazama upesi. Upande: nyuso zote zitazame nje, maana mchemraba wetu wa kona sifuri ukigeuzwa uso wa juu tu, ujazo unasomeka 0.333 ingawa hakuna tundu popote. Kupandana: michemraba miwili iliyoingiliana kwa sentimita 20, kila mmoja umefungwa vizuri, itajumlishwa kuwa mita za ujazo 2 wakati chuma halisi ni 1.8, kwa hiyo iunganishwe kwanza iwe umbo moja. Na vipimo: faili la STL halisemi kama namba zake ni milimita au inchi, na kosa hilo kwenye ujazo ni mara 16,387, yaani 25.4 ikizidishwa yenyewe mara tatu. Kosa kubwa namna hiyo angalau hujitokeza lenyewe.

Makala yenu iligusa pia upimaji wa udongo unaochimbwa, nami huombwa kazi hizo mara chache, basi niseme kidogo. Hapo una nyuso mbili, ardhi kabla na ardhi baada, na watu hudhani kwamba kwa kuwa moja iko juu ya nyingine basi kati yake pana umbo. Hapana umbo bado. Panatakiwa kuta za wima zinazofuata mpaka mmoja kuzunguka pande zote, na nyuso zote mbili zikatwe kwa mpaka huo huo. Kama skani ya pili iliishia mita tatu kabla ya ile ya kwanza, mita hizo tatu hazina ujazo wowote wa kweli, na programu ikizijaza kwa kukisia lazima mteja aambiwe. Nyuso hizo mbili zinapopishana, sehemu ya kukata na sehemu ya kujaza zitenganishwe ziwe solidi mbili. Zikiachwa pamoja, kimoja kinapunguza kingine na namba inayobaki inaonekana ndogo na ya kupendeza.

Wako wanaotumia bado njia ya zamani ya kupiga wastani wa maeneo ya ncha mbili mara urefu. Siidharau, ila wajue inakokosea. Rundo la umbo la piramidi lenye kitako cha mita za mraba 100 na kimo cha mita 12 kwa njia hiyo linatoka mita za ujazo 600. Ujazo wake wa kweli ni 400. Ukipima na eneo la katikati, ambalo ni mita za mraba 25, ukalipa uzito wa mara nne, ukajumlisha na maeneo ya ncha mbili, ukagawanya kwa sita na kuzidisha kwa kimo, unapata 400 sawasawa. Na jambo jingine la ardhi: kusini mwa ikweta, mfumo wa majira ya nukta wa UTM, unaotumika kwenye ramani, huanza na mita 10,000,000 kwenye ikweta na kushuka kuelekea kusini. Namba kama 9,200,000 ikiandikwa kwenye faili la STL la kibainari, linalotumia namba za biti 32, haiwezi kubeba nusu mita. Inaruka mita nzima nzima. Ardhi laini inaingia, zinatoka ngazi. Mradi usogezwe karibu na sifuri kwanza, halafu ndipo uhifadhiwe.

Nimeandika kirefu, na najua safu yako ni fupi. Ninalolilia ni mafunzo. Nimekaa kwenye usaili wa wachoraji wapya mara nyingi, na wanakuja na picha nzuri ajabu, vyuma vinavyong'aa, vioo vinavyopitisha mwanga. Ninapoomba faili lenyewe na kuwasha kingo pweke, kioo kizima kinageuka rangi. Hawa vijana si wavivu. Wamepimwa kwa picha tangu siku ya kwanza ya kozi, na hakuna aliyewahi kuwauliza kitu chao kina uzito gani. Nawaomba walimu wanaosoma gazeti hili wageuze mpangilio: kabla ya rangi na kivuli, mwanafunzi akabidhi umbo rahisi kabisa, lakini lililofungwa, pamoja na ujazo wake uliopimwa kwenye sehemu mbili tofauti za mchoro. Namba mbili hizo zikitofautiana, arudi nazo nyumbani.

Kasha lile lilimiminwa upya baada ya siku kumi. Nilikwenda kiwandani kulipima. Baada ya mifereji kukatwa mizani ilisoma kilo 84 na kidogo, na msubuji mkuu, mzee ambaye hakuwahi kunisema vibaya kwa lililotokea, aliniuliza kwa upole sana ile milimita 0.3 ilikuwa upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye chuma. Akapapasa pale kwa muda.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Katika toleo lijalo chapisheni mchoro wa mchemraba ule usio na kifuniko, wa mita 1, mara mbili: mmoja ukiwa chini na namba 0.667, mwingine ukiwa juu mita 10 na namba −2.667. Hata bila maelezo. Mwenye programu ya CAD nyumbani ataujaribu mwenyewe jioni hiyo hiyo.

Natanguliza shukrani.

Msomaji wenu, mchoraji wa vipande vya mitambo